Miaka 46 Bungeni: Utumishi na Hesabu za Charles Rangel



Tarehe 2 Desemba 2010, katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, mzee mwenye umri wa miaka 80 aliitwa kusimama mbele ya wenzake ili asomewe karipio. Mzee huyo alikuwa Charles Rangel, mbunge wa Harlem katika jiji la New York, ambaye alikuwa amekaa Bungeni miaka 40. Aliyemsomea alikuwa Spika Nancy Pelosi, mwanamke wa chama kimoja naye na rafiki yake wa siku nyingi. Hapakuwa na polisi wala pingu. Mbunge alisimama, akasikiliza maneno machache kuhusu fedha, kodi na barua zake, kisha akaomba ruhusa ya kusema.

Rangel alifariki tarehe 26 Mei 2025, akiwa na miaka 94. Tunaweza sasa kuyatazama maisha yake yote, tangu mwanzo hadi mwisho, bila haraka ya watu wa kampeni. Ni maisha yanayotuuliza swali gumu: mtu aliyewatendea wengi mema kwa miaka mingi, je, anadaiwa nini kuhusu hesabu zake mwenyewe?

1. Mtoto wa Harlem

Charles Bernard Rangel alizaliwa tarehe 11 Juni 1930 huko Harlem, mtaa mkubwa wa watu weusi wa New York. Baba yake hakudumu nyumbani. Mtoto alilelewa katika dini katoliki na mama yake, pamoja na babu mzaa mama, aliyekuwa mwendesha lifti katika jengo la mahakama ya jinai. Siku kwa siku babu huyo aliwapandisha mahakimu na mawakili mpaka ofisini mwao, naye akashuka tena kuwachukua wengine. Mjukuu aliiona heshima waliyopewa watu wale, akaitamani.

Hata hivyo aliacha shule ya sekondari kabla ya kuimaliza, na mwaka 1948 akajiandikisha katika jeshi. Vita vya Korea vilipozuka alipelekwa huko pamoja na kikosi cha mizinga cha askari weusi, kwa maana jeshi la Marekani lilikuwa bado linawatenga askari wake kwa rangi. Mwishoni mwa Novemba 1950, karibu na mahali paitwapo Kunu-ri, majeshi ya China yaliwazingira. Baridi ilikuwa kali, wengi waliuawa au kutekwa. Rangel alikuwa amejeruhiwa na vipande vya kombora, lakini aliwaongoza askari wapatao 40 kuvuka milima usiku mpaka wakatoka katika mazingiwa. Kwa tendo hilo alipewa nishani ya Nyota ya Shaba, na kwa jeraha lake nishani ya Moyo wa Zambarau. Maisha yake yote alipenda kusema kwamba tangu siku ile hajaona tena siku mbaya.

Aliporudi nyumbani alikuwa na nishani, lakini hakuwa na cheti. Alirudi darasani akiwa mtu mzima, akamaliza sekondari, kisha kwa msaada ambao serikali iliwapa askari waliotoka vitani akasoma Chuo Kikuu cha New York. Mwaka 1960 alipata shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha St. John's, chuo cha kikatoliki cha jiji hilohilo. Mwaka uliofuata alikuwa mwendesha mashtaka msaidizi wa serikali ya shirikisho. Mjukuu wa mwendesha lifti alikuwa sasa anaingia mahakamani kwa jina lake.

2. Kiti kilichotoka kwa Powell

Ili kuielewa hukumu ya mwaka 2010, inafaa kumjua mtu aliyemtangulia Rangel. Tangu mwaka 1945 Harlem iliwakilishwa na mchungaji Adam Clayton Powell, mhubiri hodari na mtetezi wa haki za watu weusi. Powell aliongoza kamati iliyopitisha sheria nyingi za elimu na kazi. Lakini alishutumiwa kutumia fedha za kamati kwa safari zake na kumlipa mke wake mshahara usio na kazi. Mwaka 1967 Baraza lilikataa kumpokea. Mahakama Kuu iliamua mwaka 1969 kwamba Baraza halikuwa na haki ya kumzuia mtu aliyechaguliwa na aliyetimiza masharti ya katiba. Hata hivyo, aliporudishwa kitini, alitozwa faini ya dola 25,000 na kunyang'anywa ukubwa wake wa miaka mingi.

Wakati huo huo Powell alikuwa mtoro. Alikaa muda mrefu katika kisiwa cha Bimini, mbali na wapigakura wake. Mwaka 1970 Rangel, aliyekuwa mbunge wa jimbo la New York tangu mwaka 1967, alishindana naye katika kura ya mchujo ya chama cha Demokrasia. Alimshinda kwa kura 150 hivi. Watu wa Harlem walimpenda Powell, lakini walitaka mbunge anayeonekana kazini.

Jambo moja zaidi tuliweke akilini. Mwaka uleule wa 1967, baada ya sakata la Powell, Baraza la Wawakilishi lilianzisha kamati ya kudumu ya kusimamia mwenendo wa wabunge. Kamati hiyo, iliyozaliwa katika aibu ya mbunge wa Harlem, ndiyo iliyomhukumu miaka 43 baadaye mbunge aliyemrithi.

3. Kazi aliyoifanya

Rangel aliingia Washington Januari 1971. Katika mwaka huohuo alikuwa miongoni mwa wabunge weusi walioanzisha umoja wao rasmi. Mwaka 1974 alikuwa katika Kamati ya Sheria iliyopiga kura ya kumshtaki Rais Richard Nixon, aliyejiuzulu kabla hajaondolewa. Mwaka 1975 aliingia katika Kamati ya Kodi na Mapato, ambayo ndiyo kamati kongwe na yenye nguvu kuliko zote katika Baraza hilo, kwa sababu sheria zote za kodi huanzia kwake. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuketi humo.

Tutaje machache kati ya matunda ya kazi yake. Mwaka 1986, sheria za kodi za Marekani zilipotengenezwa upya, Rangel alipigania punguzo la kodi kwa wale wanaojenga nyumba za pango nafuu kwa ajili ya watu wenye kipato kidogo. Mpango huo umejenga au kukarabati nyumba nyingi sana, nao unaendelea hadi leo.

Mwaka 1987 alielekeza macho Afrika Kusini. Makampuni ya Marekani yaliyofanya biashara huko yalilipa kodi kwa serikali ya ubaguzi wa rangi, kisha yalirudishiwa nafuu nyumbani kwa kuhesabiwa kodi hiyo. Kwa maneno mengine, hazina ya Marekani ilikuwa inabeba sehemu ya gharama ya kuitunza serikali ile. Rangel aliingiza kifungu kilichoondoa nafuu hiyo. Tangu hapo kampuni iliyobaki Afrika Kusini ilibeba mzigo wa kodi pande zote mbili. Kampuni kubwa ya mafuta ya Mobil, ilipojiondoa huko mwaka 1989, ilikitaja kifungu hicho kuwa sababu.

Mwaka 2000 alikuwa mmoja wa watetezi wakuu wa sheria ya AGOA, ambayo Rais Bill Clinton aliitia sahihi tarehe 18 Mei. Sheria hiyo ilifungulia bidhaa nyingi za nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara mlango wa kuingia Marekani bila ushuru, kwa masharti ya utawala bora na haki za binadamu. Nchi yetu ya Kongo ilikuwa katika orodha, ikaondolewa kuanzia Januari 2011, ikarudishwa Januari 2021. Kwa hiyo jina la mbunge huyu wa mbali liligusa pia biashara ya bara letu.

Tusisahau pia pendekezo lake la mwaka 2003, wakati Marekani ilipojiandaa kuingia vitani Irak. Rangel alitaka vijana wote walazimishwe kulitumikia taifa kwa muda, jeshini au katika kazi za kiraia. Hakuipenda vita ile. Alitaka kuwaonyesha wakubwa kwamba wanaamua vita ambavyo watoto wa maskini ndio watakaovipigana. Pendekezo hilo lilipopigiwa kura Oktoba 2004 lilikataliwa kwa kura 402 dhidi ya 2, na Rangel mwenyewe alilipinga siku hiyo, akisema limeletwa kwa hila bila mjadala. Lakini hoja yake ilikuwa imesikika.

4. Ukubwa uliongojewa miaka 32

Katika Baraza la Wawakilishi wabunge 435 huchaguliwa upya kila baada ya miaka miwili. Anayerudi mara nyingi hupanda ngazi, na kwa desturi uenyekiti wa kamati humwendea aliyekaa muda mrefu ndani yake, ikiwa chama chake kina wingi. Rangel alirudishwa na watu wake uchaguzi baada ya uchaguzi, mara nyingi bila mpinzani wa maana. Mwaka 2007 chama chake kilichukua Baraza, naye akawa mwenyekiti wa Kamati ya Kodi na Mapato. Alikuwa ameungojea uenyekiti huo kwa miaka 32.

Hapa ndipo hatari ya utumishi mrefu inapojitokeza. Mtu anayechaguliwa tena na tena bila taabu huanza polepole kuzoea. Milango hufunguka kabla hajabisha. Watu humpa nafasi, humsamehe ucheleweshaji, humfanyia kazi ndogondogo bila kuuliza. Hakuna siku moja anapoamua kuwa mkosefu, ila mpaka kati ya mali yake na cheo chake unafutika kidogo kidogo, na yeye ndiye wa mwisho kuona kwamba umefutika.

5. Mambo manne

Kuanzia Julai 2008 magazeti yalianza kuandika habari zake. Yaliyofichuka yanaweza kupangwa katika mafungu manne.

La kwanza ni nyumba. Rangel alipanga fleti nne katika jengo la Lenox Terrace huko Harlem, zote chini ya sheria ya New York inayozuia pango lisipande kupita kiasi. Tatu kati yake zilikuwa jirani, akazifanya makao yake. Ya nne aliitumia kama ofisi ya kampeni, ingawa sheria ilitaka nyumba za namna hiyo ziwe za kuishi. Kwa zote alilipa karibu nusu ya bei ya soko. Katika miaka hiyo pango la Harlem lilikuwa linapanda, na wakaaji wa zamani walikuwa wanahangaika kubaki katika mtaa wao.

La pili ni kodi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Rangel alinunua nyumba ya mapumziko ufukoni Punta Cana, katika Jamhuri ya Dominika. Nyumba hiyo ilipangishwa kwa wageni. Pato lililotoka humo, lililofikia dola 75,000 hivi, halikutajwa katika hesabu zake za kodi kwa miaka 17. Mambo yalipofichuka alilipa zaidi ya dola 10,000 za kodi iliyosalia. Kwa mwananchi wa kawaida kosa hili lingekuwa dogo. Lakini huyu ndiye mwenyekiti wa kamati inayotunga kodi za taifa zima. Wahenga walisema kwamba mganga hajigangi.

La tatu ni tamko la mali. Tangu mwaka 1978 sheria ya Marekani inawataka wabunge wajaze kila mwaka fomu inayoonyesha mali, mapato na madeni yao, ili wananchi waione. Rangel alijaza fomu hizo kwa miaka mingi akiacha mambo mengi nje. Alipozisahihisha mwaka 2009, ilionekana kwamba mali na mapato ya zaidi ya dola 600,000 hayakuwa yameandikwa.

La nne ni barua. Rangel alitaka kijengwe katika chuo cha umma cha City College, hapohapo Harlem, kituo chenye jina lake cha kuwaandaa vijana kwa utumishi wa umma. Alitafuta fedha kwa watu matajiri, mashirika na makampuni, akiwaandikia kwa karatasi rasmi yenye chapa ya Bunge na kuwatumia wafanyakazi wa ofisi yake. Baadhi ya walioandikiwa walikuwa na shughuli mbele ya kamati yake.

Juu ya hayo, Februari 2010 Kamati ya Maadili ilimwonya kwa sababu ya safari za visiwa vya Karibi katika miaka ya 2007 na 2008, zilizogharimiwa na makampuni kinyume cha kanuni. Siku chache baadaye, tarehe 3 Machi, aliuacha uenyekiti. Alikuwa ameushika kwa miaka mitatu tu.

6. Kesi mbele ya wenzake

Julai 2010 Kamati ya Maadili ilitangaza mashtaka 13 dhidi yake. Tarehe 10 Agosti alisimama Bungeni akasema kwa muda wa nusu saa hivi, bila kusoma hotuba iliyoandikwa, akiwataka wenzake wamfukuze kama wanaona anastahili, lakini wasimwache aning'inie. Viongozi wa chama chake walitamani anyamaze, kwa sababu uchaguzi ulikuwa unakaribia. Hakunyamaza. Novemba watu wa Harlem walimrudisha tena kwa kura nyingi mno.

Kesi ilianza tarehe 15 Novemba. Rangel alifika peke yake. Alisema amewalipa mawakili karibu dola milioni 2 na sasa hana wakili, akaomba apewe muda. Ombi lilikataliwa, akatoka nje. Kesho yake wabunge 8, wanne wa kila chama, walimwona na hatia katika mashtaka 11.

Tuwe waangalifu hapa, kwa kuwa haki ya mtu imo katika maneno tunayoyachagua. Mwanasheria mkuu wa Kamati, aliyeendesha mashtaka, alisema waziwazi kwamba hakuona ushahidi wa rushwa, wala kwamba mbunge alikuwa amelenga kujitajirisha. Alichokiona ni uzembe katika fedha zake na bidii iliyopita mipaka. Rangel naye alikiri makosa ya kutunza hesabu, lakini alikataa kata kata kuitwa mlarushwa. Wala hakuna mahakama iliyomtia hatiani kwa kosa la jinai.

Basi adhabu iwe ipi? Baraza lina ngazi tatu: onyo, karipio na kufukuzwa. Tarehe 18 Novemba Kamati ilipendekeza karipio kwa kura 9 dhidi ya 1. Mwenyekiti wa Kamati hiyo, Zoe Lofgren, alikuwa wa chama cha Rangel. Tarehe 2 Desemba baadhi ya wabunge walijaribu kuishusha adhabu iwe onyo, miongoni mwa waliomtetea akiwa Peter King wa chama pinzani. Jaribio hilo lilishindwa kwa kura 267 dhidi ya 146. Kisha karipio likapita kwa kura 333 dhidi ya 79. Hakuna mbunge wa Baraza hilo aliyekuwa amekaripiwa tangu mwaka 1983.

Baada ya kusomewa, Rangel alisema kwamba anajua moyoni mwake kuwa Bunge hili silo litakalompima, bali maisha yake yote. Akawakumbusha watu Korea: akilinganisha na siku ile, bado hajaona siku mbaya.

7. Baada ya karipio

Hakujiuzulu. Alishinda tena mwaka 2012 na mwaka 2014, mara zote mbili kwa shida katika kura ya mchujo, akishindana na Adriano Espaillat. Katikati ya chaguzi hizo, mwaka 2013, alifungua kesi mahakamani ili karipio lifutwe, akidai kwamba hakutendewa haki katika utaratibu. Mahakama iliitupa kesi hiyo. Januari 2017 alistaafu, baada ya kuchaguliwa mara 23 na kutumikia miaka 46. Aliyemrithi alikuwa Espaillat huyohuyo, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, nchi ileile ilikokuwa nyumba ya ufukoni. Harlem ilikuwa imebadilika, na watu wapya walitaka sauti yao.

Alipofariki, viongozi wa vyama na watu wa mtaa walimlilia kwa heshima, na mwili wake ukawekwa katika jumba la jiji la New York ili wananchi wamuage. Askari wa Korea, mtetezi wa wapangaji, adui wa ubaguzi wa Afrika Kusini na mbunge aliyekaripiwa alikuwa mtu mmoja.

8. Tuyapimeje maisha haya?

Kuna njia mbili rahisi za kumhukumu Rangel, na zote mbili zinapotosha. Ya kwanza husema: ametenda mema mengi, tusimsumbue kwa karatasi. Ya pili husema: kumbe alikuwa mwongo, basi hata mema yake yalikuwa ya kujionyesha. Lakini punguzo la kodi la mwaka 1986 lilijenga nyumba za kweli, na watu wa kweli wanalala humo. Fomu zilizokuwa na mapengo nazo zilikuwa za kweli. Historia haina mizani ambayo jambo moja linawekwa upande huu ili lifute jingine upande ule. Yote mawili yanabaki yameandikwa.

Kinachofaa kuulizwa ni kwa nini Baraza lililichukulia jambo la karatasi kwa uzito mkubwa kiasi kile, hali hakuna aliyethibitisha kwamba mtu ameiba. Jibu limo katika kazi yenyewe ya uwakilishi. Mpigakura hawezi kuingia chumbani mwa mbunge wake, wala kusikia anayeongea naye usiku. Dirisha alilonalo ni lile tamko la mali. Mbunge akilijaza nusu, ameziba dirisha. Hata kama ndani hakuna kilichoibwa, mwananchi hana tena namna ya kujua. Ndiyo maana hesabu ya kweli si shughuli ya pembeni inayofanywa na karani baada ya utumishi kwisha. Ni sehemu ya utumishi wenyewe, sawa na kupiga kura na kutunga sheria. Wahenga wetu walilijua hilo waliposema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na wakati mwingine kinachopotea bila habari ni imani ya watu.

Jambo la barua linastahili kufikiriwa zaidi, maana ndilo linalowagusa watu wema. Rangel hakuomba fedha za kuweka mfukoni. Aliomba kwa ajili ya vijana. Wengi wetu tungesema: lengo ni jema, karatasi ina ubaya gani? Lakini mtu akipokea barua yenye chapa ya Bunge, kutoka kwa mwenyekiti anayeweza kupandisha au kushusha kodi ya kampuni yake, haisomi kama anavyosoma ombi la jirani. Anajiuliza itakuwaje akikataa. Uhuru wa kutoa umepunguzwa, na zawadi inaanza kufanana na kodi. Tena kituo kilikuwa na jina la mwombaji. Hapo wema na sifa vilichanganyika, hata yeye mwenyewe asiweze kuvitenganisha.

Jambo la fleti nalo lina somo lake. Mtu aliyepigania nyumba za bei nafuu kwa maskini alikuwa anashika nne yeye peke yake. Sidhani kwamba alijiona mnyang'anyi. Alikuwa mzaliwa wa Harlem, amekaa katika jengo lile miaka mingi, na kila mtu alimjua. Lakini sheria ya kumlinda mnyonge ikitumiwa na mwenye nguvu, hata bila kuvunjwa kwa makelele, humpunguzia mnyonge nafasi.

Tuseme pia neno la haki kuhusu waliomhukumu. Rafiki alimsomea rafiki karipio. Mwenyekiti wa Kamati alimhukumu mtu wa chama chake. Walimpa nafasi ya kujitetea mbele ya wote, wakataja kosa kwa jina lake bila kuliongeza, wakakataa kumwita mlarushwa kwa kuwa hawakuwa na ushahidi, kisha wakamwacha aendelee kuwatumikia waliomchagua. Katika nchi nyingi kosa la mkubwa hufichwa na marafiki au hukuzwa na maadui. Ni nadra lipimwe jinsi lilivyo. Na Baraza lile halikuwa na watu watakatifu. Lilikuwa na utaratibu, ulioanzishwa baada ya aibu ya mwaka 1967, na siku hiyo utaratibu ulifuatwa.

Si lazima mtu awe mbunge ili haya yamhusu. Mtunza fedha wa chama cha kusaidiana, mkurugenzi wa shule anayepokea michango ya wazazi, mkuu wa kamati ya kujenga zahanati, mwenyekiti wa kijiji anayegawa mashamba: kila mmoja ameshika cha wengine. Kila mmoja husikia siku moja sauti inayomwambia kwamba amefanya kazi kubwa mno asiulizwe risiti. Rangel aliwavusha watu 40 mlimani penye risasi, lakini hakuweza kuandika pato la nyumba moja katika karatasi moja. Ushujaa ule ulikuwa wa usiku mmoja. Hesabu hudai uaminifu wa kila mwaka, bila nishani na bila mashahidi.

Maswali ya kutafakari pamoja

1. Katika vyama na kamati zetu, ni nani anayeruhusiwa kuuliza hesabu za kiongozi aliyekaa muda mrefu? Je, anaweza kuuliza bila kuitwa adui?

2. Je, tumewahi kuomba mchango kwa kazi njema kwa njia iliyomnyima mtu uhuru wa kukataa?

3. Ndugu yetu tunayempenda akikosea katika fedha za wengi, tunawezaje kulitaja kosa lake kwa kipimo chake, bila kulificha wala kulikuza?